Daktari Bingwa wa Miguu

Mwalimu Agripina alikuwa amefundisha darasa la pili miaka kumi na minane, kusoma na kuhesabu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemuuliza swali akamkwamisha. Mwezi wa kwanza mwalimu wa Kiingereza wa darasa la sita akahamishwa. Mwalimu mkuu akapitisha macho ofisini, macho yakatua kwake. "Utashika wewe kwa muda," akasema. Kwa muda, kila mtumishi anajua, maana yake ni mpaka ustaafu.

Wiki ya kwanza ilimkausha mate. Msichana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha kidole: "Madam, kama 'phone' tunasoma foni, kwa nini haianzi na f?" Kabla hajajibu, mwingine akadakia na 'psalm', ile p kazi yake nini. Agripina akasema ndivyo Waingereza walivyoamua. Darasa likanyamaza, lakini kwa ule ukimya wa watu wasioridhika, naye akatoka na chaki mkononi bila kujua.

Ndipo alipokwenda kwa mzee Melkizedeki.

Mzee huyo, mwenye miaka sabini na minane, aliishi nyuma ya kanisa hapo hapo Kinampanda. Ujanani alikaa seminari miaka minane, akasoma Kilatini mpaka akawa anakiota, kisha akaacha upadri akaoa. Baadaye alikuwa karani wa chama cha ushirika. Lakini watu walimwita Padri mpaka leo, kwa utani uliozeeka ukawa jina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa hapo. Nisikie shida yako."

Akamweleza. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, hapa Iramba ukikutana na mtu usiyemjua unamuulizaje? Unamuuliza ukoo wake. Ukishaujua ukoo, umeshajua nusu ya mambo yake. Maneno ya Kiingereza ni hivyo hivyo. Mengi si ya Waingereza, waliyaoa tu. Ukiona 'ph', huyo ni wa ukoo wa Wagiriki. Ukiona hiyo p imejibanza mbele ya s, huyo naye Mgiriki."

Tangu siku hiyo, kila Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, Agripina alikaa kwenye kibaraza cha mzee na kaunta buku lenye jalada jekundu. Tele, mbali. Phone, sauti. Geo, ardhi. Graph, maandishi. Hao Wagiriki. Upande wa Kilatini: port, beba. Manu, mkono. Ped, mguu. Mzee akampa na watoto wa ped: 'pedal' ya baiskeli, unaikanyaga kwa mguu, 'pedestrian', mtu aendaye kwa miguu, 'centipede', tandu, kwa vile ana miguu mia.

Darasani mambo yakageuka. Watoto wakaanza kuyachinja maneno kama kuku, huyu kashika paja, yule bawa. 'Telephone', sauti ya mbali! Walishangilia. Agripina naye alianza kuingia darasa la sita akiwa ameinua shingo.

Kitu kimoja tu kilimtatiza, nacho ni herufi za ziada. Alikuta maneno mengine yana irabu mbili pale alipotegemea moja. Alipomuuliza mzee, yeye alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Irabu hubadilika njiani. Wewe shika mzizi. Herufi moja isikunyime usingizi."

Mwezi wa tano, wakati wa kuvuna alizeti, mama yake, bibi Yustina, alikanyaga kisiki cha bua. Kilimchoma chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Kidonda kidogo, mtu angesema kimeshapona kesho. Wiki ikaisha, kidonda kiko pale pale. Wiki ya pili kikapanuka. La ajabu, bibi alisema hakiumi hata kidogo, na kwa sababu hakiumi aliendelea kupepeta alizeti zake.

Benjamin, mdogo wake Agripina, mkulima wa vitunguu, alikuja na pikipiki aliyoazima. "Dada, tumpeleke mama kituo cha afya. Leo leo."

Huenda wangekwenda. Lakini asubuhi hiyo hiyo mtendaji wa kijiji alikuwa amebandika tangazo kwenye mlango wa ofisi, na Agripina alipokwenda kulisoma alikuta kundi la watu wamelizunguka. Kwa Kiswahili ilisemwa tu kwamba madaktari bingwa watakuwa hospitalini mjini Singida kwa siku tatu, kuanzia siku tisa zijazo. Chini yake yalifuata majina ya kliniki, yote kwa Kiingereza.

"Mwalimu huyo amekuja," mtu mmoja akasema. "Mwalimu, tusomee."

Akaanza. 'Surgery', upasuaji, hilo alilijua tangu zamani. 'Internal Medicine', magonjwa ya ndani. 'Ophthalmology' alilipita kwa kasi. Kisha jicho lake likakwama: 'Paediatrics'. Iatr alikuwa amepewa na mzee wiki iliyopita tu, tabibu, kwa Kigiriki. Na ped mguu! Isipokuwa karani wa wilaya aliyelichapa tangazo alikuwa amechomeka a katikati, p-a-e-d. Agripina akatoa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, akaikata ile a kwa mstari mmoja mnyoofu.

"Karani amekosea herufi," akawaambia. "Hii ni kliniki ya miguu. Anakuja daktari bingwa wa miguu."

Watu wakaguna kwa heshima. Agripina akarudi nyumbani kama anayepaa.

"Benjamin, kituo cha afya watamfunga bandeji tu watuambie turudi kesho. Huyu ni bingwa. Wa miguu, unanielewa? Tusubiri siku tisa tu."

"Siku tisa nyingi, dada."

"Mimi nimesoma mwenyewe. Imeandikwa."

Benjamin aliishia darasa la saba, na neno "imeandikwa" siku zote lilimfunga mdomo. Akawasha pikipiki akaondoka.

Siku hizo tisa Agripina alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Siku ya sita kikaanza kunuka. Siku ya nane kidole kikabadilika rangi. Alijiambia kwamba bingwa ameshaona mabaya kuliko hayo.

Walipanda basi la alfajiri, yeye na mama yake, wakafika hospitalini saa tatu. Agripina akaulizia kwa jina lile la Kiingereza, na mlangoni pa chumba walichoelekezwa palikuwa na karatasi yenye maandishi makubwa: PAEDIATRICS. Ile a ilikuwepo tena. Agripina akaiangalia kwa muda. Hata huku wamekosea? Karani wa wilaya sawa, lakini na hospitali nayo? Akamkalisha mama kwenye benchi.

Benchi zote zilijaa watoto. Watoto wa mgongoni, watoto wa kifuani, watoto wanaotambaa sakafuni wakifukuzana na vifuniko vya chupa. Bibi Yustina akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Agripina."

"Abee, mama."

"Hawa wote wanaumwa miguu?"

Agripina akakohoa kidogo. "Wengine wanazaliwa nayo, mama. Siku hizi wanawawahisha."

Bibi akatikisa kichwa kwa huruma. Lakini mtoto aliyekuwa mbele yao alikuwa anarusha mateke yenye afya njema, na Agripina alijikuta akimkagua nyayo, kisha magoti, kisha nyayo tena. Kando yake alikaa mama mmoja kijana, jina lake Fareen, ambaye ukoo wao una duka la vitambaa pale mjini. Alikuwa amempakata mtoto wa miaka miwili hivi.

"Pole, dada," Agripina akamwambia. "Wako ana shida gani?"

"Kifua. Tangu Ijumaa anakohoa tu, hataki kula."

"Na miguu?"

"Miguu?" Fareen akaiangalia miguu ya mwanawe kwa wasiwasi, akaigeuzageuza. "Miguu ina nini? Umeona kitu?"

"Hapana, hapana. Nauliza tu."

Wakatazamana, kila mmoja akijaribu kusoma mwenzake ana nini. Fareen akamsogeza mtoto upande wa pili wa mapaja.

Muuguzi akatoka na daftari. "Anayefuata! Mtoto yuko wapi?"

"Ni mimi," Agripina akasema, akisimama.

"Namuulizia mtoto, mama."

"Mtoto ndiye mimi. Mgonjwa ni mama."

"Mama wa mtoto ndiye mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Sasa mtoto ana umri gani?"

Agripina akasita. Hakuona umri wake unahusianaje na kidonda. "Arobaini na minne," akasema.

Benchi zima likacheka. Fareen aliuma ncha ya mtandio wake. Muuguzi hakucheka, alikuwa amechoka mno. "Mama, hapa ni kliniki ya watoto. Watoto, chini ya miaka kumi na minne. Bibi umemleta huku kufanya nini?"

"Ya watoto?" Agripina alihisi masikio yanawaka. "Mlangoni pameandikwa miguu."

"Wapi pameandikwa miguu?"

Akafungua kaunta buku lake mbele ya watu wote, akaonyesha kwa kidole: ped, mguu, iatr, tabibu. Hakunyamaza, kwa sababu akinyamaza ingebidi aelewe, na hakutaka kuelewa. Alieleza habari ya tandu. Alieleza habari ya baiskeli. Muuguzi akamtazama kama mtu anayesikiliza lugha ya mbali.

Mlango ukafunguka. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mfupi, shingoni amening'iniza kipimo cha kusikilizia kifua kilichovishwa kidubwasha cha kitambaa cha kuchekesha watoto. Aliitwa daktari Klara. "Kuna nini?" akauliza, na kabla hajajibiwa, pua yake ikanusa. Akageuka, akamwona bibi Yustina na mguu uliofungwa khanga.

"Shikamoo, bibi. Naomba nione."

Akapiga magoti pale pale sakafuni, akafungua khanga. Wale waliokuwa bado wanacheka wakanyamaza. Alibonyeza juu ya kidole, akabonyeza kando. "Unasikia nikigusa hapa?" Bibi akasema hasikii. "Na hapa?" Hasikii. "Bibi, umewahi kupimwa sukari?"

"Sukari naweka vijiko vitatu," bibi akajibu.

Daktari Klara akamtuma muuguzi alete kiti cha magurudumu, akaandika haraka kwenye karatasi, akapiga simu upande wa upasuaji. Yote hayo kwa muda ambao Agripina hakufunga hata kitabu chake. Kiti kilipofika, daktari akamwona bado amekishika kimefunguka, akasoma ule mstari.

"Aliyekufundisha hili hakudanganya," akasema taratibu. "Ped ya Kilatini ni mguu. Lakini Wagiriki nao wana yao, na yao ni mtoto. Ndiyo maana tunaandika na a. P, a, e, d." Akamwonyesha mlangoni. "Hiyo a ndiyo inayotofautisha."

Agripina alitazama ile a. Ilikuwa pale, imenyooka, na yeye ndiye aliyeikata kule kijijini kwa wino mwekundu.

Bibi Yustina alikatwa kidole gumba siku iliyofuata. Sukari yake ilikuwa juu kiasi kwamba mashine ya kwanza ilishindwa kuisoma, wakaleta nyingine. Agripina alimvizia daktari wa upasuaji kwenye korido, mzee mwenye miwani ya kamba.

"Daktari, siku tisa zilizopita ningemleta, kidole kingepona?"

Daktari akavua miwani. "Labda. Labda kingekatwa hata hivyo. Vidonda vya sukari havitabiriki, mama. Sasa tuulinde mguu wenyewe."

Alitamani amwambie moja, ndiyo au hapana. Kile "labda" alikaa nacho wodini mchana kutwa, akakigeuza huku na huku, hakikumpa pa kushika. Alipompigia Benjamin simu, alijiandaa kutukanwa. Benjamin akauliza tu, "Kidole gani?" Akamwambia. "Nakuja," akasema, na alipofika alimsalimu dada yake kama kawaida, akampokea zamu ya kumuuguza mama, wala hakugusia habari ya siku tisa. Hilo nalo Agripina hakulielewa. Ni huruma, au ni hasira iliyopita kiasi?

Siku ya nne akatokea mzee Melkizedeki, amevaa koti la kanisani, mkononi chupa ya asali ya Itigi aliyomletea mgonjwa. Muuguzi wa zamu akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mbali na kitanda. "Mzee, huyu bibi ana sukari." Mzee akabaki amesimama, mikono mitupu, kama aliyeingia nyumba siyo.

Agripina akamtoa nje kwenye kibaraza. Siku zote hizo nne alikuwa amepanga maneno makali, lakini salamu ilimtoka kwanza, kwa mazoea, na mzee akaipokea bila kuinua macho.

"Benjamin ameniambia," mzee akasema. "Mwalimu, nina jambo. Kigiriki mimi sikukisoma. Seminari tulifundishwa Kilatini. Kile Kigiriki nilichokupa nilikitoa ukurasa wa mwisho wa kamusi yangu, na ule ukurasa mchwa wamekula nusu."

Agripina akamtazama. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Na mimi..." Akakamata fimbo yake vizuri. "Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuja kuniuliza kitu. Ulipokuja nilifurahi."

Mgonjwa mmoja alipita anasukuma chuma cha dripu.

"Mzee, kuna neno chuoni tulilikariri sana. 'Pedagogy'. Elimu ya kufundisha. Hilo ni la nani?"

"Hilo nalijua," mzee akasema, sauti ikipata nguvu. "Mguu. Mwalimu alikuwa anakwenda kwa miguu kijiji hadi kijiji. Nililisema hata kwenye harusi ya mwanangu, watu wakapiga makofi."

"Nimemuuliza daktari Klara. Anasema ni mtoto."

"Lina a?"

"Halina."

"Basi ni mguu."

"Anasema ni mtoto, mzee. A ilidondoka."

Mzee Melkizedeki akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba shamba alilolima miaka hamsini si lake. "Sasa kama a inaweza kudondoka," akasema mwishowe, "mtu atajuaje?"

Yale maneno makali aliyoyapanga, Agripina hakuyapata tena. Wakarudi wodini, mzee akamwomba radhi bibi Yustina kwa Kinyiramba, polepole, neno kwa neno. Bibi akamwambia kidole kile kilikuwa kimeshachoka hata hivyo, na kama anataka kusaidia, amtafutie chai yenye sukari.

Bibi alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, anatembea kwa kuegemea upande wa kushoto. Agripina alikwenda ofisi ya kijiji akakuta tangazo bado lipo, limepauka, akaandika a juu ya ile aliyoikata. Darasani aliwaambia watoto habari yote, hata ya arobaini na minne. Walicheka, kisha yule msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole akauliza atatofautishaje. "Sijui," Agripina akasema. "Leta kamusi pale kabatini." Kamusi ya shule ilikuwa moja tu, ikabidi izunguke dawati kwa dawati, na kipindi kikaisha hawajafika hata neno la tatu.

Mwezi wa nane Benjamin akaja na chupa ya dawa ya shambani. Vitunguu vyake vilikuwa vimeshambuliwa na wadudu, naye alinunua dawa kwa haraka siku ya mnada. Karatasi ya Kiswahili ilikuwa imechanika, imebaki ya Kiingereza.

"Dada, nisomee kabla sijapiga."

Akashangaa kwamba amemletea yeye. Akasoma: 'Herbicide'. Herba, majani, hiyo ni ya Kilatini, ya mzee mwenyewe siyo ya mchwa. Cide, kuua. "Hii inaua majani," akasema. "Siyo wadudu." Papo hapo akamrudishia chupa. "Lakini usiniamini. Mpigie muuzaji."

Benjamin akapiga, akaweka spika. "Hiyo ya wadudu hiyo, braza, piga bila wasiwasi," kijana aliyemuuzia akasema. "Watu wote wananunua."

Wakabaki wamesimama, chupa katikati yao. Mmoja anauza dawa kila siku. Mwingine ana kaunta buku lililomkatisha mama yao kidole. Agripina akafungua kamusi ya shule aliyokuwa ameiazima, akatafuta, kamusi ikasema majani. Akataka kufurahi, akashindwa. Vipi kama na hapa kuna herufi imedondoka?

"Tufanye hivi," akasema. "Kuna nyasi kando ya mfereji wako. Pulizia hapo, kipande kidogo. Vitunguu usiviguse. Tungoje."

"Tungoje tena?" Benjamin akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita wote wawili wakacheka, kicheko kifupi cha kuumia.

Siku ya sita, saa ya mapumziko, Benjamin alitokea mlangoni pa ofisi ya walimu, buti zina matope, mkononi ameshika konzi ya nyasi. Zilikuwa za njano mpaka kwenye shina. Akaziweka juu ya madaftari ya darasa la sita.

"Wadudu je?" Agripina akauliza.

"Wapo wazima, wanatembea juu yake." Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kufanya katika ofisi ile. "Dada, nyumbani nina kopo lingine, la mwaka jana, lenye kifuniko cha bluu. Lile nilishalipiga lote. Nalo sikujua limeandikwa nini."

"Lilete," Agripina akasema, akisogeza zile nyasi pembeni ili apate pa kuandikia.